Mchuzi wa Arlene na Saa ya Polepole

Shemeji yangu Arlene Stoops hapendi kuonewa huruma, na asiyelijua hilo hufundishwa mara moja tu. Amepika miaka na miaka katika shule ya sekondari hapa Linton, Indiana, na watoto wote wa mji huu, hata wale ambao sasa wana vitambi na mikopo ya nyumba, wakikutana naye dukani wananyoosha mgongo kama vile bado wanasubiri kupakuliwa. Ni mfupi, sauti yake ni nzito, na akikushinda karata hatabasamu. Atazikusanya, azichanganye, akuulize kama unataka kwenda nyumbani.

Aliolewa na kaka yangu Delbert. Mimi na Delbert tulifanya kazi kiwanda kimoja cha pampu mpaka siku walipofunga mageti kwa mnyororo wakatuambia twende salama. Kiwanda kilikufa, kantini ikafa, ila kilichozaliwa kantini kimebaki: ligi yetu ya kikapu cha mezani. Kila mmoja wetu ana timu yake ya kubuni, yenye wachezaji wa kweli wa ligi kuu, na wanachofanya uwanjani wiki nzima huhesabiwa kwetu kwa mafungu tisa: pointi, ribaundi, pasi za kufungisha, mitupo iliyozuiwa, na mengineyo. Mwenye mafungu mengi ndiye mshindi wa wiki. Fungu la tisa limegeuzwa: ni mipira iliyopotezwa, na hilo huchukuliwa na mwenye michache.

Sheria yetu mbaya kuliko zote aliitunga Delbert mwenyewe. Anayeshika mkia mwisho wa msimu hubadilishiwa jina la timu na bingwa, na jina la zamani halirudi tena. Mwaka alioshinda yeye, alimpa Dwayne Hockersmith, muuza matrekta mitumba, jina la Kalio la Trekta. Hockersmith ameitwa hivyo mpaka leo. Hata mchungaji wake analijua.

Timu ya Delbert iliitwa Mchuzi wa Arlene. Siku ya kuandikisha majina alikuwa anakula mchuzi mweupe wa soseji wa mke wake, ule unaomwagiwa juu ya vimkate vya moto, akaandika kilichokuwa mdomoni. Ndivyo alivyokuwa kaka yangu. Hakuwahi kumwandikia Arlene kadi ya mapenzi, lakini jina lile lilikaa kwenye ukurasa wa ligi mwaka baada ya mwaka, na kila aliyetaka kumtukana Delbert ilimbidi amtaje kwanza mke wake na mapishi yake.

Oktoba iliyopita alichagua wachezaji wake kama kawaida, jikoni, miguu juu ya kiti kingine. Msimu haukuwa umeanza moyo wake uliposimama. Tulimzika. Wiki ile ile Arlene akaandika kwenye kundi letu la simu: "Timu ya Delbert naichukua mimi."

Hockersmith, ambaye si mtu mbaya ila mdomo wake hauna breki, akajibu kwamba mwaka huu sheria ya mkia isimguse mjane. Sote tukaunga mkono. Arlene akaandika: "Delbert hakula cha huruma hata siku moja. Atakayenionea huruma asije tena kwangu kula." Mjadala ukaishia hapo.

Alianza vibaya, na ilikuwa kwa kosa la mapenzi. Katika mchezo huu mchezaji asiyechaguliwa na mtu yupo kapuni. Yeyote anaweza kumwokota, mradi amwache mmoja wa kwake. Arlene hakutaka kumwacha hata mmoja. Mmoja wa nyota wa Delbert alivunjika kifundo cha mkono, akakaa nje hadi Krismasi ikapita, na Arlene bado anamshikilia.

"Mwache huyo, shem," nilimwambia. "Anakula nafasi bure."

"Delbert alimchagua."

"Delbert angemwacha tangu Novemba!"

"Basi aje amwache mwenyewe."

Nikachukua kofia yangu nikaenda nyumbani. 

Januari akanipigia simu asubuhi na mapema. "Nimemwacha," alisema. Nikamuuliza kama yuko sawa. Akasema anaoka, akakata. Tangu siku hiyo kapu likawa lake. Sijawahi kuona mtu anaokota wachezaji namna ile. Alikuwa anaokota watu ambao hatujawahi kusikia majina yao, sisi tunamcheka kwenye kundi, na wiki ya pili tunamtafuta yule yule tukakuta keshachukuliwa. Yule jamaa mrefu wa Utah asiyefunga lakini anazuia kila kitu, alimwokota Arlene. Yule mzee wa Detroit aliyedhaniwa amestaafu, naye Arlene.

"Unaangalia nini hasa?" nilimuuliza siku moja kwenye karata.

"Simwangalii mchezaji. Namwangalia kocha. Timu inaongoza kwa pointi mbili, muda umebaki kidogo, kocha anamwacha nani uwanjani? Huyo ndiye anayeaminiwa. Nyie mnakodolea macho wanaoning'inia kwenye ringi."

"Na huyu Lamont Deckard uliyemwokota jana? Wa akiba Charlotte! Hata mama yake hamjui."

"Mama yake anamjua, Verlin. Wewe ndiye humjui. Yule anayeanza mbele yake juzi aliinuka benchi ameshika nyonga kama bibi kizee. Ngoja uone."

Tukangoja, tukaona. Siku chache baadaye mwenye nyonga akapumzishwa, Deckard akapewa dakika zake zote. Hakuwa na mbwembwe. Alikuwa anapokea mpira, anautunza, anampa anayestahili, anarudi kukaba. Kilichompendeza Arlene kuliko vyote ni kwamba hakupoteza mipira. "Ana mikono ya mpishi," alisema. "Hadondoshi sahani."

Hata hivyo alikuwa amechelewa kuanza kupanda kutoka shimoni, na muda ukamwishia. Mimi nilikuwa natoka juu naporomoka, nyota wangu wawili wakiwa wamefungwa magoti bandeji. Tukakutana chini. Ligi yetu huisha mapema Machi, kabla timu kubwa hazijaanza kupumzisha watu wao, na wiki ya mwisho ikawa hivi: Hockersmith bingwa tayari kufikia Jumamosi, na mkia ni kati yangu na mjane wa kaka yangu, tuliopangiwa kucheza sisi kwa sisi: atakayeshindwa ndiye mkia.

Hockersmith akaandika: "Jina la mkia ninalo mfukoni. Nimelitunza tangu nilipoitwa Kalio. Arlene, samahani, lakini wewe mwenyewe ulisema."

Arlene akajibu: "Lishike vizuri lisikudondoke."

Alijibu kwa mzaha, lakini mimi nilikuwa namjua. Nguo za Delbert alikuwa ameshazigawa. Gari alikuwa ameliuza. Lile jina hakuwa tayari kulitoa, na aliyekuwa karibu kumnyang'anya ni mimi. Nililala vibaya wiki ile yote. Ningeweza kucheza ovyo, kuacha watu wangu benchi, lakini angejua siku hiyo hiyo, na nisingevuka tena mlango wake.

Jumapili alinialika chakula baada ya ibada. Hali ilikuwa hivi: yeye mafungu manne, mimi manne, yote yameachana mno, hayageuki ila mtu mpya wa maajabu aokotwe. Limebaki la mipira iliyopotezwa, na hapo ananishinda kwa mpira mmoja tu. Watu wangu wote walikuwa wamemaliza. Yeye alikuwa na mmoja, Deckard, anayecheza saa tisa alasiri pale Indianapolis. Akimweka benchi kabla ya saa tisa, hesabu inafungwa na ameshinda. Akimwacha acheze, na Deckard apoteze mpira mmoja tu, tunalingana, na wakilingana wawili anapita aliye juu kwenye msimamo. Aliye juu nilikuwa mimi.

"Umeshamweka benchi?" nilimuuliza kabla sijavua koti.

"Wewe bado una nafasi ya kuokota mmoja leo. Ukiokota mtu wa kunigeuzia hesabu, nitamhitaji Deckard. Sionyeshi karata yangu kabla yako."

Kwangu kapu lilikuwa tupu. Nilikuwa nimelichungulia tangu alfajiri, hakuna mtu wa kunisaidia. Lakini sikumwambia, maana karata ni karata.

"Kaa," alisema. "Nitafanya dakika za mwisho. Simu iko chumbani inachaji, imeisha kwa kutazama hesabu zako mbovu."

Akasimama jikoni, anakoroga. Mchuzi ule hauachwi. Ukigeuka kidogo unashika chini. Kila mara alikuwa anainua macho kwenye saa ya ukutani, anarudi kwenye kikaango. Na mimi nikainua macho nione anachokiona.

Saa ile ilisema saa nane kasoro dakika kumi na tano.

Hapa lazima niseme habari ya saa ile. Wazee wa kwetu hawakuwahi kukubali serikali kusogeza mishale mbele kwa saa moja kila Machi. Wanaiita saa ya haraka, na ile ya zamani wanaiita saa ya polepole. Delbert alikataa kabisa. "Hawawezi kuniibia saa nzima halafu wanirudishie Novemba kama vile wananipa zawadi," alikuwa anasema. Saa ya jikoni haikuguswa. Kuanzia Novemba hadi Machi inakuwa sahihi, na miezi mingine kila aingiaye jikoni anajumlisha moja kichwani. Arlene amekaa peke yake na saa ile majira yote ya baridi, ikimwambia kweli. Na usiku wa kuamkia Jumapili ile ndio serikali ilisogeza saa. Simu yake ilijirekebisha yenyewe, ikamwamsha kwa wakati, akaenda ibadani bila kufikiri. Sasa simu iko chumbani, na yeye anaitazama saa ya mume wake.

Nikatazama saa ya mkononi mwangu, niliyoisogeza asubuhi. Saa tisa kasoro dakika kumi na tano.

 Nikinyamaza, Deckard ataingia uwanjani akiwa bado kwenye timu yake, na lolote laweza kutokea. Nikisema, nimempa ushindi mkononi, na yeye alishatuambia anachofikiri juu ya vya kupewa. Halafu kusema kwenyewe kulikuwa na mwiba: ni kumwambia kwamba saa ya Delbert si sahihi tena.

"Mbona umenyamaza?" alisema bila kugeuka. "Njaa au hofu?"

"Njaa."

"Vumilia, bado mapema."

Akaongeza maziwa. Nikahesabu vijiko kwenye meza, nikavihesabu tena. Nilimkasirikia Delbert, Mungu anisamehe, kwa ubishi wake na saa yake na sheria yake ya mkia. Nilimkasirikia Hockersmith. Mshale wa dakika kwenye mkono wangu ukawa unakimbia na ule wa ukutani unatambaa, ingawa ni mwendo mmoja.

"Arlene," nilisema. "Hiyo saa ni ya polepole."

Mwiko ukasimama.

"Leo wamesogeza," nikasema. "Imebaki kama dakika tatu. Nenda!"

Hakupiga kelele. Alizima moto, akakimbia chumbani kwa viatu vyake vya ibada, akarudi ameshika simu, kidole kiko juu ya jina la Deckard. Kisha akanitazama.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nimekaa."

"Ukawa unafikiria."

"Ndiyo, nilikuwa nafikiria! Bonyeza, mama!"

"Ungenyamaza tu ningekuwa nimefanya kosa langu mwenyewe."

"Sasa umeshajua. Bonyeza!"

"Hiki si changu, Verlin. Hiki umenipa wewe."

"Arlene, usinitie wazimu! Saa ni saa, si sadaka! Bonyeza hicho kitu!"

Aliitazama saa ya ukutani muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Halafu akaiweka simu mezani, kioo juu, mbele yangu.

"Nilimwokota kwa sababu hapotezi mpira," alisema. "Kama siamini hivyo leo, basi sikuwahi kuamini."

Nilitaka kubonyeza mimi. Nasema kweli, mkono ulienda. Akaupiga kwa mwiko. Jina la Deckard likafifia kwenye kioo likiwa palepale, limefungwa, na hakuna wa kulitoa.

Akawasha kitelevisheni kilichoko juu ya jokofu, akapakua, akaketi. Hakuna aliyekula.

Ninyi hamjui mateso ya kumtazama mtu mmoja tu kati ya kumi, na kumtakia asifanye lolote. Kila alipopokea mpira Arlene aliacha kupumua. Robo ya kwanza, hakuna. Ya pili, alipiga pasi ndefu kukatisha uwanja mzima na mimi nikafunika macho, ikafika. Kwenye simu, chini ya mipira iliyopotezwa, sifuri.

Robo ya tatu akampasia jitu lao lililosimama chini ya kikapu. Jitu likaupokea kwa goti. Mpira ukatoka nje, watu wetu wa Indianapolis wakashangilia, na kwenye simu sifuri ikawa moja.

 Arlene alikunja kitambaa cha mezani mara mbili, akakiweka juu ya mapaja yake. Nikajichukia kwa kuwa nimeshinda.

"Haikuwa ya kwake!" nilifoka. "Jitu halina mikono! Kila mtu ameona!"

"Imeandikwa, Verlin."

"Nani kaandika? Kipofu gani huyo?"

Tangazo likaja, la magari. Likaja jingine. Mimi nilikuwa nimesimama, natukana kifaa cha kioo. Mchezo uliporudi Arlene alivuta simu karibu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wasiovaa miwani, akanigeuzia. Sifuri. Walikuwa wameangalia picha upya wakamwandikia jitu.

"Kaa chini," alisema. "Unatikisa meza."

Sasa ikabaki dakika ya mwisho. Charlotte wanaongoza kwa pointi moja. Kocha wao akawaita watu wake, wakasemezana, na walipotoka nikatazama ni nani aliyeachwa uwanjani. Arlene alinifinya mkono kwa nguvu nikaumia. Alikuwa Deckard, na mpira wakampa yeye autunze.

Wetu wawili wakamfuata. Wakamsukuma pembeni, kule kwenye kona ambako mstari uko nyuma yako na hakuna pa kwenda. Mikono minne usoni pake. Mmoja akaugusa mpira, ukatetemeka mikononi mwake.

Na mimi, Verlin Stoops, mzaliwa wa Indiana, niliyeshangilia timu ya nyumbani tangu nikiwa sina meno, mtu ambaye mpira ule ukipotea nimeokoka, nikajikuta nimepanda juu ya kiti nikipiga mayowe: "Ukumbatie! Ukumbatie, mwanangu! Usimpe mtu!"

Aliukumbatia. Aliuweka tumboni, akainama juu yake kwa mwili wote, wakamng'ang'ania mpaka refa akapuliza filimbi. Faulo. Akaenda kwenye mstari, akatupa, na muda ukaisha kabla hawajafika upande wa pili.

Arlene alifunika uso kwa kile kitambaa. Alilia waziwazi, kwa sauti, na mimi nikashuka kwenye kiti nikalia pia, mzee mzima. Hatukulia vile makaburini.

Baadaye, alipokwisha kupangusa uso, nilisimama mbele ya saa ya ukutani. "Nikusogezee?" nilimuuliza.

"Iache. Novemba itakuwa sahihi."

Simu yangu ikalia. Hockersmith alikuwa ameandika kwenye kundi, kila mtu aone: "Haya, nani kashika mkia?"

"Mimi," nikajibu.

 Nadhani lile jina la mfukoni lilikuwa la kumkomoa Delbert peke yake na kwangu halikufaa, maana ilimbidi atafute jingine. Hakuchelewa. Arlene ndiye aliyelisoma, simu ameisogeza mbali na macho, na kabla hajafika mwisho alianza kucheka kile kicheko chake kizito.

"Kuanzia leo," akasoma, "na hata milele, timu ya Verlin itaitwa Mabaki ya Mchuzi."

Akainuka, akawasha moto chini ya kikaango. Mchuzi ulikuwa umeganda, akaukoroga na maziwa kidogo mpaka ukalainika, akaumwaga juu ya vimkate vilivyopoa, akanisukumia sahani.

"Kula jina lako, shemeji," alisema.